MASHINE YA KUKATIA NYASI IKIKATAA KUWAKA

Katika mazungumzo ya leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni mashine ya kukatia nyasi iliyokataa kuwaka. Mwenye uga mdogo mbele ya nyumba yake aweza kucheka, akasema kwamba yeye ana fyekeo lake, wala halinywi petroli. Maneno yake ni kweli. Walakini wako watu wengi ambao mashine hiyo ndiyo kazi yao, na kazi hiyo ndiyo riziki yao: watunza viwanja vya shule na hospitali, watumishi wa bustani, na vijana waendao nyumba hata nyumba wakikata nyasi kwa ujira. Kwa watu hao, injini isipowaka siku imepotea. Na mara nyingine hupotea kilicho kikubwa kuliko siku, kama mtakavyosikia.

Tuanze na habari ya shule moja ya bara, ambayo jina lake tutaliacha. Sisi tulifika hapo kwa shughuli nyingine, mwishoni mwa mwezi wa Machi. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha majuma mawili, nyasi za uwanja zilikuwa zimefika magotini, na siku ya wazazi ilikuwa imebaki juma moja. Mashine ilikuwa imetolewa ghalani, na mtunza uwanja alikuwa ameivuta kamba yake tangu asubuhi mpaka viganja vikatoka malengelenge, nayo isitoe hata kikohozi.

Mkuu wa shule alikuwa amekwisha kutoa hukumu. Alisema, mashine ilikuwa nzima ilipowekwa mwezi wa Desemba. Aliyekuwa akiitumia ni mtu mmoja tu. Basi mtu huyo ndiye aliyeiharibu. Fundi mmoja aliyeletwa kutoka mjini aliivuta kamba mara tatu, akatikisa kichwa, akasema kuwa injini imekufa, na kwamba heri waiuze kwa uzito wa chuma chake. Kwa neno hilo mshahara wa mtunza uwanja wa mwezi ule ulizuiliwa, uwe mwanzo wa kulipia mashine mpya.

Mzee yule tutamrudia baadaye. Kwanza yatupasa tufahamu mashine hii ni kitu gani, na hiyo injini yake hutaka nini ili iwake. Maana mtu asiyejua kitu hutaka nini hawezi kujua kimekosa nini.

Mashine ya kukatia nyasi ilibuniwa Uingereza na Edwin Budding, mtu wa karibu na mji wa Stroud, aliyepata hati ya ubunifu wake mwaka 1830. Alikuwa ameona katika viwanda vya nguo za sufu mashine yenye visu vya kuzunguka, iliyonyoa malaika ya kitambaa ili kiwe laini, akafikiri kwamba kinyoacho kitambaa chaweza kunyoa na uwanja. Mashine yake ilisukumwa kwa mkono, wala haikuwa na injini ya kukataa kuwaka. Mwaka 1902 kiwanda cha Ransomes cha mji wa Ipswich kilianza kuuza mashine iendayo kwa petroli, na tangu hapo watu wamepata wepesi wa kazi pamoja na taabu mpya.

Injini iliyo juu ya mashine zetu nyingi hufanya kazi kwa njia ile aliyoitimiza Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876. Ndani yake mna silinda, yaani mrija mpana wa chuma, na ndani ya silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Pistoni ikishuka mara ya kwanza huvuta petroli iliyochanganyika na hewa, ikipanda huigandamiza, ndipo plagi hutoa cheche ya umeme, mchanganyiko ule ukawaka kwa ghafula na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu, nayo ikipanda tena huutoa moshi. Basi, injini hutaka mambo matatu tu: petroli na hewa kwa kiasi chake, mgandamizo ndani ya silinda, na cheche kwa wakati wake. Yakiwapo yote matatu, injini yapaswa kuwaka. Isipowaka, limekosekana mojawapo, na kazi yetu ni kujua ni lipi.

Watu wengi hukosea hapa. Mashine ikikataa, mmoja hufungua kabureta, mwingine hubadili plagi, wa tatu hukaza hiki na kulegeza kile. Na jioni ikifika injini ina makosa manne badala ya lile moja iliyoanza nalo. Kanuni tunayowapa ni hii: anza na kilicho rahisi kabla ya kilicho kigumu, anza na kisicho na gharama kabla ya kinachotaka fedha, na badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadili mawili pamoja, hata mashine ikiwaka hutajua ni lipi lililoiponya.

Kabla ya yote, tuseme juu ya mikono yenu. Kisu cha mashine hii kimefungwa pamoja na injini. Ukikizungusha kisu kwa mkono, pistoni nayo hupanda na kushuka. Na kama kuna petroli iliyobaki ndani na plagi imeunganishwa, injini yaweza kuwaka kwa zamu moja tu, hata ile iliyokataa kamba mara mia. Kwa hiyo, kabla ya kutia mkono chini ya mashine, chomoa waya ulio juu ya kichwa cha plagi, uusogeze mbali. Usiseme, "Nitagusa mara moja tu." Vidole havioti tena kama nyasi. Katika Marekani sheria imetaka, tangu mwaka 1982, kwamba kila mashine mpya ya kusukumwa kwa miguu iwe na wenzo wa usalama, ambao mtu akiuachilia kisu husimama kabla sekunde 3 hazijapita. Sheria hiyo ilitungwa kwa sababu ya watu waliokatwa vidole vya mikono na vya miguu. Tena, msiiwashe injini ndani ya ghala lililofungwa, kwa maana moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi. Na petroli isifunguliwe karibu na jiko, taa ya moto au sigara.

Sasa tuifuate njia yetu hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kutazama na kuuliza, bila ya kufungua kitu. Je, petroli imo tangini? Msicheke, wengi wamefungua injini nzima ilhali tangi ni tupu. Je, bilula ya petroli imefunguliwa? Wenzo wa usalama umeshikwa pamoja na mpini? Usiposhikwa, hukata umeme wa plagi, na kamba yaweza kuvutwa mpaka jua litue. Je, waya wa plagi umekaa mahali pake barabara? Mafuta ya injini yamefika alama? Injini nyingine hukataa kuwaka mafuta yake yakipungua, ili zisijiue zenyewe. Injini ikiwa baridi, choki imefungwa? Na kama ina kibofu cha mpira cha kusukumia petroli, kimebonyezwa mara chache kama kitabu chake kisemavyo?

Kisha uliza habari za nyuma. Mashine iliwaka lini mara ya mwisho? Ilizimwa, au ilizimika yenyewe? Iligonga jiwe au kisiki? Ililazwa ubavu? Petroli iliyomo ni ya lini? Maswali haya hayana gharama yoyote, nayo aghalabu hupunguza nusu ya kazi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na kwa fundi twaweza kusema kwamba kutouliza ndio ujinga.

Hatua ya pili ni petroli yenyewe. Wengi hudhani petroli haichachi, lakini hiyo nayo huharibika. Sehemu yake iliyo nyepesi, ile ishikayo moto upesi, ndiyo itanguliayo kuruka. Na iliyobaki, ikikutana na hewa kwa muda mrefu, huanza kuganda kuwa kitu kama utomvu. Baada ya mwezi mmoja huwa imeanza kupungua nguvu, na baada ya miezi mitatu huenda isiwashe injini baridi kabisa. Katika nchi ambako petroli huchanganywa na spiriti, kama Marekani, ambako petroli nyingi huwa na spiriti kiasi cha sehemu 10 katika 100, kuna taabu nyingine zaidi, kwa kuwa spiriti hupenda maji na huyavuta kutoka katika hewa. Mimina petroli kidogo katika chupa safi ya kioo, uitazame mwangani. Ikiwa nyeusi-nyeusi kama chai, au ikiwa na matone ya maji chini, au ikinuka ukali kama rangi ya kupaka iliyochacha, itoe yote tangini, utie mpya. Ile ya zamani usiimwage mtaroni wala shambani. Ipeleke kwa fundi wa magari ajuaye namna ya kuiondoa.

Tazama pia kifuniko cha tangi. Kina tundu dogo la kuingizia hewa, ili petroli ipate kushuka. Tundu hilo likizibwa na vumbi, injini huwaka, ikaenda muda kidogo, ikafa. Ukilegeza kifuniko husikia hewa ikivutwa ndani. Wala msisahau nyigu, ambao hupenda kujenga kwa udongo katika tundu lolote lililoachwa kimya. Bomba la moshi la mashine iliyokaa ghalani laweza kuwa limezibwa nao kabisa.

Hatua ya tatu ni hewa. Chujio la hewa likijaa vumbi na vipande vya nyasi, injini husongwa pumzi kama mtu aliyefunikwa uso kwa blanketi. Lifungue ulitazame. Likiwa la karatasi, ligongegonge taratibu, na likiwa limeloa mafuta au kuchakaa, nunua jipya. Likiwa la sponji, lifue kwa maji na sabuni, lianike likauke, kisha utie matone machache ya mafuta ya injini na kulikamua. Waweza kujaribu kuwasha kwa dakika moja bila ya chujio ili kujua kama kosa ni lake, lakini usikate nyasi hivyo, kwani vumbi litakwangua silinda.

Hatua ya nne ndiyo iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kumwita shahidi. Shahidi huyo ni plagi. Yeye hukaa ndani ya silinda, huona yanayopita humo, wala hapendelei mtu. Vuta kamba mara tano au sita, kisha uifungue plagi uitazame ncha yake mara moja.

Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki ndani. Kosa liko kati ya tangi na silinda: bilula, mpira wa petroli, au kabureta. Ikiwa imelowa petroli, basi petroli imefika, lakini haikuwaka. Ama imezidi, ama hakuna cheche. Ikiwa imepakwa masizi meusi makavu, injini imekuwa ikipata petroli nyingi na hewa kidogo. Litazame tena chujio, na uangalie choki isije ikawa imekwama. Ikiwa imevunjika kaure yake nyeupe, au ncha zake zimelika, inunuliwe nyingine. Nafasi kati ya ncha mbili za plagi, kwa injini nyingi ndogo, ni kiasi cha milimita 0.7 hadi 0.8, lakini kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho.

Kama plagi imelowa kwa sababu ya kuvuta kamba mno huku choki imefungwa, ipanguse ikauke, fungua choki, vuta kamba mara kadhaa plagi ikiwa nje ili petroli iliyozidi itoke, ungoje robo saa, kisha uirudishe na kujaribu. Mara nyingi huwa hakuna ubovu mwingine ila haraka ya mwenye kuvuta.

Kama ilikuwa kavu, fanya jaribio hili. Tia matone machache tu ya petroli mpya katika tundu la plagi, rudisha plagi na waya wake, vuta kamba. Injini ikishtuka, ikalia sekunde mbili au tatu, kisha ikafa, imekupa jawabu lililo wazi: cheche ipo, mgandamizo upo, ila petroli haishuki yenyewe. Kwa jaribio hilo moja umewaachilia huru wawili katika washitakiwa watatu.

Hatua ya tano ni cheche. Funika petroli yote, pangusa iliyomwagika, usogeze mashine mahali penye upepo. Rudisha waya katika kichwa cha plagi iliyo nje, uilaze plagi hiyo ili chuma chake kiguse chuma safi cha injini, mbali na tundu lake. Usiishike kwa mkono mtupu. Tumia koleo yenye mpini wa mpira. Mwenzako avute kamba, nawe utazame kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu, nayo husikika ikialika. Ikiwa hakuna, jaribu plagi mpya kabla ya kusema lolote. Ikiwa bado hakuna, fuata ule waya mwembamba utokao katika wenzo wa usalama kwenda kwenye injini. Mara nyingi umechubuka na kugusa chuma, au kiungo chake kimeshika kutu. Kisha tazama gurudumu zito lililo juu ya injini, lenye sumaku. Baada ya kukaa katika unyevu sumaku hushika kutu, na kutu hiyo huondolewa kwa msasa laini. Kati ya sumaku na koili ya umeme yapasa kuwe na nafasi kiasi cha unene wa kadi ngumu.

Hatua ya sita ni mgandamizo. Chomoa waya wa plagi, uvute kamba polepole plagi ikiwa mahali pake. Yapasa usikie injini ikishindana nawe, kisha ikilegea, kisha ikishindana tena. Kamba ikija bure kama uzi wa kisimani usio na ndoo, huenda valvu imekwama wazi, au gasketi ya kichwa imepasuka, au pete za pistoni zimekwisha. Na kazi hiyo ni ya fundi mwenye zana zake. Kinyume chake, kamba isipovutika hata kidogo, tazama kwanza chini kama nyasi zimekiviringa kisu. Pengine mashine ililazwa upande usiofaa, mafuta yakaingia katika silinda. Fungua plagi, uvute taratibu mpaka mafuta yatoke. Kwa hiyo mkiilaza mashine, kabureta na chujio la hewa viwe upande wa juu siku zote.

Jambo la mwisho ni la wale ambao kisu chao kiligonga jiwe au kisiki. Lile gurudumu zito limefungwa katika mhimili wake kwa kabari ndogo ya chuma laini, ambayo imewekwa makusudi ili ikatike yenyewe, kuokoa vilivyo vya thamani. Ikikatika au kupinda kidogo tu, cheche hutoka wakati usio wake. Injini hukataa, au huinyakua kamba mkononi mwako. Kabari hiyo bei yake ni ndogo, lakini asiyejua huuza injini nzima kwa ajili yake.

Sasa tumrudie mzee wetu wa shule. Tulimkuta amekaa juu ya jiwe kando ya ghala, mashine i mbele yake. Tulimwuliza, "Mzee, mara ya mwisho iliwaka lini?"

Akajibu, "Kabla ya Krismasi, mabwana, siku za kufunga shule."

"Ilizimika yenyewe?"

"La. Niliizima mwenyewe, nikaifuta, nikaiingiza ghalani."

"Iligonga kitu?"

"Haikugonga kitu. Uwanja huu naujua, mawe yake niliyatoa mimi."

"Na petroli iliyomo ni ya lini?"

"Ni ile ile. Niliambiwa nilijaze tangi mpaka juu, lisishike kutu."

Tulipomwuliza ni nani aliyemwambia, alitazama chini asijibu. Mkuu wa shule alikuwa amesimama nyuma yetu. Baada ya kitambo akasema, "Ni mimi."

Twapenda kusema kwa haki kwamba agizo lile halikuwa la kipumbavu. Tangi la chuma likijaa halina nafasi ya kushika umande ndani, na hivyo haliingii kutu upesi. Lakini bilula ilikuwa imeachwa wazi. Petroli iliyo katika kikombe cha kabureta ilikauka kidogo kidogo, nyingine ikashuka kutoka tangini kujaza nafasi yake, nayo ikakauka. Na kila iliyokauka iliacha utomvu wake. Mambo hayo yaliendelea miezi mitatu, usiku na mchana, katika ghala lililofungwa, na ufunguo wa ghala hilo ulikuwa ofisini.

Tuliifungua plagi: kavu. Tukatia matone machache ya petroli mpya, tukavuta kamba: injini ikabweka sekunde mbili, ikanyamaza. Watoto waliokuwa wakitazama walipiga kelele, lakini mzee hakusema neno. Tukafunga bilula, tukaweka kopo chini, tukafungua parafujo moja iliyo chini ya kikombe cha kabureta. Ndani mlikuwa na tope la rangi ya chai iliyokolea, lenye kunata kama utomvu wa fenesi. Tundu lile dogo ambalo petroli yote ya injini hupita, jembamba kama sindano ya kushonea, lilikuwa limezibwa kabisa. Tulilizibua kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa katika kipande cha waya wa umeme, kwa sababu shaba ni laini. Sindano ya chuma ingalilipanua, na kuanzia hapo kipimo cha petroli kisingalikuwa sawa tena. Tukakisafisha kikombe, tukairudisha gasketi yake bila ya kuipinda, tukamwaga petroli yote ya zamani ndani ya debe, tukatia lita moja mpya.

Tulimpa mzee kamba aivute mwenyewe. Iliwaka mara ya pili.

Gharama yote ilikuwa lita ile moja ya petroli na kitambaa cha kufutia. Mkuu wa shule alimpa mzee mkono mbele ya wanafunzi, akamwambia, "Mzee wangu, niwie radhi," na jioni ile ile mshahara wake ulilipwa. Tulifurahi, tukadhani habari imekwisha kwa heri. Lakini tulipokuwa tukiagana, mzee alituambia kwamba binti yake aliye katika shule ya bweni alikuwa amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na wenzake walikuwa wamekwisha fanya mtihani wa mwisho wa muhula bila ya yeye. Mshahara ulirudi, lakini mtihani ule haukurudi.

Ndiyo maana twasema kwamba jambo hili si dogo. Mashine ikikataa kuwaka, kuna sababu, na sababu hiyo yaweza kutafutwa kwa utaratibu kwa muda wa saa moja, na mtu yeyote mwenye spana ya plagi na subira. Kabla sababu haijajulikana, hakuna mkosaji. Mtu aliyekutwa ameishika kamba si lazima awe ndiye aliyeiharibu. Aghalabu yeye ndiye wa kwanza kuukuta ubovu uliotengenezwa na wengine, au uliojitengeneza wenyewe gizani. Ninyi wenye watumishi, ulizeni plagi kabla ya kukata mshahara. Nanyi wenye kuitumia mashine, jifunzeni kuisoma plagi hiyo, ili mwe na cha kuonyesha siku mtakapoulizwa.

Basi, mkitaka kuiweka mashine kwa zaidi ya mwezi mmoja, fanyeni hivi. Toeni petroli yote tangini, kisha iwasheni injini mpaka izimike yenyewe kwa kukosa petroli, ili kabureta ibaki kavu. Funga bilula. Fungueni plagi, mtie kijiko kidogo cha mafuta safi ya injini katika silinda, mvute kamba polepole mara mbili, mrudishe plagi bila ya kuunganisha waya wake. Kwangueni nyasi zilizokauka chini, maana hushika maji na kuleta kutu. Zibeni bomba la moshi kwa kitambaa kwa ajili ya nyigu, na mfunge karatasi kwenye mpini kuwakumbusha kukitoa. Na juu ya debe la petroli andikeni tarehe mliyoinunua. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na robo saa ya mwezi wa Desemba hukuokoa juma zima la mwezi wa Machi.

Wasikilizaji wetu, kwa leo twaishia hapo. Twawatakia masika mema, nyasi fupi, na vidole kumi kila mmoja. Kwa herini.